Vibandiko Vilivyokaa Juu ya Moto

Mimi nikishaamini kitu, hunizuii. Nilipofundishwa kwamba kuna kibandiko chenye chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, na kwamba weupe wake hugeuka zambarau pakiti ya maziwa ikikaa sana kwenye joto, nilienda moja kwa moja kwa mzee Mhindi mwenye duka pale mjini Nyeri. Mwaka mzima alikuwa amekataa mala yangu, maziwa ya kugandisha ninayouza kwa pakiti, kwa sababu wengine walishamuuzia iliyoharibika.

"Mzee, ukiona zambarau, usinunue," nilimwambia. "Hata kama ni mimi nimeleta."

Akakubali nilete kreti moja, anijaribu mara moja tu.

Nyumbani nilimpa mama mkwe, ambaye sote tunamwita Cucu, roli ya vibandiko niliyoagiza. "Niwekee pahali haitaharibika." Kosa lilikuwa langu. Kwetu, mbegu za maharagwe hukaa darini juu ya moto, moshi uzikinge na wadudu. Cucu akaiweka huko huko, pahali pa heshima.

Asubuhi ya kupeleka nilibandika mbio mbio. Niliona weupe umefifia kidogo, nikasema ah, ni moshi tu. Kufika dukani, kreti nzima ilikuwa zambarau.

"Mama, si ni wewe ulisema?" mzee akaniuliza.

Nilijua mala ni nzuri; ilitoka kwenye friji saa hiyo hiyo. Ningeweza kuinywa mbele yake na pengine angekubali. Lakini nikimwambia leo apuuze zambarau, kesho ataiamini vipi? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikabeba kreti yangu nikarudi nayo.

Cucu alionja. "Hii iko sawa kabisa. Kwani huna mdomo?"

"Niko nao, Cucu. Nimeufunga makusudi."

Tulikunywa mala siku tatu, sisi na majirani.

Niliagiza roli nyingine, nikaiweka kwenye friji mwenyewe, kisha nikarudi dukani bila kuitwa. Mzee alikagua pakiti moja moja, kama mwalimu anayekagua kucha. Zote zilikuwa nyeupe.

"Ile siku pakiti yako moja ilivuja hapa kaunta," alisema. "Mimi nilionja. Ilikuwa nzuri."

Kisha akafungua friji, akaanza kutoa soda kupisha mala, rafu nzima.