Kilio cha Meli ya Uholanzi

Harusi yangu nusura ivunjwe na watu waliozama baharini karibu miaka mia tatu kabla sijazaliwa, na kosa lilikuwa la mdomo wangu.

Ilikuwa kijijini Karuba, kwenye vilima vya Masisi, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa mwalimu wa misheni, na kwa kuwa Kiswahili cha padri wetu kilichechemea, mimi ndiye niliyetoa matangazo mwisho wa misa. Padri alikuwa Mholanzi, mrefu, kichwa upara mtupu, lakini ndevu nyekundu zilimfika kifuani. Alizipenda kuliko pikipiki yake. Alizichana kabla ya misa, akazichana tena baada ya misa.

Zikiwa zimebaki siku chache nioe, posta ikamletea gazeti la kwao. Alinijia darasani mbio, furaha tele. Wazamiaji wameikuta meli ya wafanyabiashara wa Kiholanzi iliyovunjika kwenye miamba, mbali kule Australia, ikienda kutafuta pilipili na viungo.

"Ilitoka mji wangu!" alisema kwa Kifaransa, lugha tuliyozoea kuzungumza sisi wawili. "Jumapili uwaambie watu."

Nami, mjinga, nikawaambia. Kwetu matangazo ya kanisani ni ya mbuzi aliyepotea, ya ndoa na ya kifo. Hadithi ya kufurahisha haijapata kutangazwa pale. Tena mimi nikipewa watu wa kunisikiliza, sijui kunyamaza. Bahari hakuna aliyewahi kuiona, basi nikaipandisha juu ya vilima vyote vya Masisi. Mabaharia nikawazamisha mmoja mmoja, kila mmoja akimwita mama yake. Nikamalizia kwa sauti nzito: "Ni watu wa kwao Padri. Mifupa yao imeonekana."

Mama mmoja akapiga yowe.

Kufika saa nane mchana, ua wa misheni ulikuwa umejaa mikeka, vyungu vya maharagi na vibuyu vya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Wanawake waliketi chini sebuleni kwa Padri wakilia. "Pole, Padri. Pole sana." Yeye akadhani wanalia kwa furaha ya ile meli, wamemletea sikukuu; alicheka na kumshukuru kila mtu. Watu wakatikisa vichwa: maskini, huzuni imempanda kichwani.

Baba mkwe akanivuta kando.

"Mwalimu, harusi itangoja."

"Papa, wale watu walikufa zamani! Miaka mia tatu!"

"Walizikwa?"

"Hapana, Papa."

"Padri aliwalilia?"

"Hapana, lakini..."

"Basi kilio njo kinaanza leo. Muntu mwenye iko mu kilio hawezi kufungisha ndoa. Tungoje anyolewe."

Kwetu kilio humalizika siku mfiwa anaponyolewa nywele. Nikamtazama Padri. Kwenye kichwa cha Padri hapakuwa na unywele hata mmoja wa kunyoa. Zilikuwapo ndevu tu.

Nilihangaika siku tatu. Mchumba wangu alikuwa ameanza kuninunia. Jumatano nikaenda kwa Padri, nikaungama yote, hata mawimbi, nikamwambia kwamba watu wanangoja anyolewe. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ndevu zenyewe.

"Ndevu zangu? Kamwe! Twende tuwaeleze ukweli."

Tukatoka uani. Akafungua gazeti, akasoma akiligeuza kwa Kifaransa, nami nikatafsiri, safari hii bila kuongeza chumvi: mizinga minane, mitungi arobaini na miwili, vyombo vya fedha, pembe za ndovu. Mama yake baba mkwe, kikongwe aliyekuwa juu ya mkeka tangu Jumapili, akainua mkono.

"Na watu? Walikuwa wangapi? Nani aliwalilia?"

Padri akatazama gazeti. Akafunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Haikuandikwa," alisema.

"Ayi! Mitungi walihesabu, watu hapana?"

Akajifunika kitenge usoni, akaendelea kulia. Nilikuwa karibu naye. Yalikuwa machozi kweli. Niliona haya. Mimi nilikuwa nimewazamisha wale watu kwa kujifurahisha tu.

Padri alikunja gazeti polepole. Akazishika ndevu zake.

"Leteni wembe," akasema.

Kikongwe mwenyewe ndiye aliyemnyoa. Kumbe chini ya zile ndevu kulikuwa na kidevu kidogo, cheupe kama muhogo uliomenywa! Jumamosi, alipoingia kanisani kutufungisha ndoa, watoto wawili walikimbia, na bibi harusi akaninong'oneza, "Huyu ni nani?"

Kabla ya kutugeukia, Padri aliwatazama watu, akasema kwa Kiswahili chake kile kile kinachochechemea:

"Kilio imekwisha. Ile watu ya meli, zamani hawakuwa na muntu. Sasa iko na watu. Ni ninyi."

Kwa mazoea nikafungua mdomo nitafsiri.

"Nyamaza, Mwalimu," kikongwe akasema kutoka kwenye benchi lake. "Tumesikia."