Msimu Gani?

Karatasi ilifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutoka Lodwar siku ya Jumatano, katikati ya Desemba, na Ijumaa Monique alitakiwa aisome kwa spika mtaa baada ya mtaa. Ilikuwa na mistari miwili ya Kiingereza, na chini yake tafsiri: "Shirika linawatakia nyote salamu za msimu na kipindi chenye furaha."

Aliisoma mara mbili, kisha akampigia simu Nathan, msimamizi wake aliyekuwa na ofisi Lodwar.

"Bwana Nathan, msimu gani huu?"

"Madam, soma hivyo hivyo."

"Mwaka jana tulisema Noeli njema, na watu walifurahi."

"Mwaka jana Waislamu walileta malalamiko. Wakubwa hawataki Krismasi, hawataki Noeli, hawataki kuudhi mtu."

"Nani alilalamika? Alisema nini?"

"Iko kwenye ripoti."

"Na wewe Jumatano ya Krismasi, kanisani, utawaambia watu salamu za msimu?"

Nathan alikuwa Mturkana wa Lorugum, mlokole wa kuimba kwaya. "Kanisani si ofisini. Soma tu, Madam."

Monique alizaliwa Uvira, Kongo, akafundisha darasa la tatu huko mpaka vita vilipomtoa. Sasa alikuwa na mwaka wa kumi na tatu Kakuma. Sauti yake ndiyo ilimpa kazi: shirika la maji lilimweka kwenye pikapu yenye spika mbili juu, naye akawa mtu wa kuwaambia watu kwamba bomba limepasuka, kwamba maji yatakatika siku mbili, kwamba wachemshe ya kunywa. Alisoma kwa Kiswahili na Kifaransa, na dereva wake, Erupe, akarudia kwa Kiturkana. Watu waliliamini lile gari. Novemba, mvua iliponyesha milimani na laga, ule mto mkavu wa kambini, ikaanza kunguruma, ni gari hilo lililowahamisha waliokaa ukingoni, na maji yalipofika hayakumkuta mtu.

Ijumaa hiyo walianza saa sita kasoro. Monique alisoma kama ilivyoandikwa, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Walipofika upande wa laga, Erupe alichukua kipaza sauti, kisha akakifunika kwa kiganja.

"Msimu nitasemaje?" akamuuliza Monique pembeni.

"Sema unavyojua."

Erupe alijua misimu miwili, wa mvua na wa kiangazi. Kiangazi hakina furaha, kwa hiyo akawaambia watu kwamba shirika linawasalimu kwa wakati wa mvua.

Kufikia saa tisa Monique alipigiwa simu na mwalimu mmoja: njoo uone watu wako. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Familia zaidi ya ishirini zilikuwa zimepanda kutoka lagani na magodoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Mama mmoja mzee, Nakal, alikuwa amekaa chini ameshika mbuzi jike. Mguu wa mbele wa mbuzi huyo ulikuwa umevunjika kwenye mawe walipokuwa wakikimbizana kupanda.

"Ejok, mama," Monique akamsalimu.

"Ejok. Maji iko wapi sasa?"

"Hakuna maji, mama. Ilikuwa salamu tu."

"Salamu ya nini?"

Monique akatazama karatasi mkononi mwake kana kwamba ingemsaidia. "Ya sikukuu," akasema. "Ya Krismasi."

Nakal akamvuta mbuzi wake karibu. "Mimi nimebatizwa," akasema. "Nilipewa jina na padri. Si ungesema Krismasi?"

Erupe aliinama, akajifanya anaangalia tairi. Watu wakaanza kubeba magodoro yao kurudi chini, bila ugomvi. Jioni yule mbuzi alichinjwa.

Kesho yake alikwenda kwa Hodan kununua sukari. Hodan, Msomali, alikuwa na duka la mabati hatua chache kutoka kwake, na kwa miaka mingi walikuwa wakipelekeana sahani: mandazi wakati wa Noeli, sambusa wakati wa Idi.

"Mama Prince," Hodan alisema, akimwita Monique kwa jina la mwanawe, "jana ulisema maneno gani? Nilidhani unatangaza msimu wa mahindi."

"Wanasema nyinyi mlilalamika mwaka jana. Kwamba neno Krismasi linawaudhi."

"Sisi nani?"

"Waislamu."

Hodan akaweka sukari kwenye mizani kwa nguvu. "Sikiliza. Mimi Krismasi sisherehekei, na mtoto wangu sitaki avalishwe ile kofia nyekundu shuleni. Hiyo nilisema, na nitasema tena. Lakini wewe kusherehekea yako, iniudhi kwa nini? Kama mtu alilalamika, muulize maalim. Yeye ndiye aliandikia shirika barua mwaka jana."

Monique hakuwahi kufikiria kwamba jambo lile lina mtu mwenye nyumba na mlango wa kubisha. Akaenda. Maalim alikuwa mwembamba, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Alimkaribisha kivulini nje ya madrasa, akatoa nakala ya barua yake kwenye bahasha, kwa Kiingereza safi. Ilikuwa na ombi moja tu: kwamba gari lisipite mbele ya msikiti Ijumaa wakati wa swala, maana spika zile zilimfunika khatibu na watu hawakusikia hotuba.

"Neno Krismasi halimo," Monique alisema.

"Lingeingiaje? Niliomba saa." Maalim akakunja barua, akampa. "Na jana mlipita tena saa saba kamili."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamepita, na salamu zao za msimu, katikati ya hotuba.

Januari, Monique aliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ili aende mkutano wa Lodwar. Ilichukua siku kumi na moja. Mkutanoni aliweka nakala ya barua mezani, akaeleza kuhusu uwanja wa shule, kuhusu mbuzi, kuhusu saa saba. Aliongea vizuri. Mama mmoja mkubwa wa ofisi, mgeni wa miezi miwili, aliandika yote, akamshukuru kwa Kiingereza kwa mchango wake wa thamani, akasema maneno yatabaki yaleyale kwa sababu yameshapitishwa, na suala la ratiba litaangaliwa.

Nje, kwenye jua kali, Nathan alimfuata mpaka getini.

"Madam, nilikuwa nimewaambia."

"Uliwaambia lini? Mbona umekaa pale kama mgeni?"

Nathan alimnunulia soda, akasimama naye mpaka gari la Kakuma lilipojaa.

Machi, Ramadhani ikielekea kwisha, karatasi nyingine ilifika. Monique aliifungua akitarajia angalau neno Idi. "Shirika linawatakia nyote salamu za msimu na kipindi chenye furaha." Ratiba ilikuwa ileile, njia ileile, Ijumaa.

Saa sita na nusu walipokaribia msikiti, watu walikuwa wameshajaa ndani na mikeka imetandikwa mpaka barabarani.

"Zima gari," Monique alimwambia Erupe.

"Madam, gari hii ina kifaa. Lodwar wanaona tukisimama."

"Waone."

Erupe akazima. Walikaa ndani ya pikapu karibu saa nzima, jasho likiwatiririka. Watu walipotoka, Monique alishuka, akawasha kipaza sauti, akasema, "Idi njema kwenu, ikifika." Basi. Baadhi waliitikia, wengine walipita wakiwa na mambo yao. Maalim alimwinulia mkono kwa mbali.

Wiki iliyofuata barua ya onyo ilikuja: kusimamisha gari la shirika bila idhini, kubadilisha ujumbe uliopitishwa. Chini palikuwa na nafasi ya maelezo ya mfanyakazi, mistari mitano. Monique alikaa nayo mezani, akaandika ukurasa mzima kwenye daftari, kwa hasira, akaufuta. Mwishowe kwenye fomu aliandika, "Watu walikuwa wanaswali," akatia sahihi, akampa Erupe aipeleke Lodwar. Mpaka leo hajajibiwa, na ratiba haijabadilika. Kila Ijumaa wanazima gari.