Mkuyu Uliohamia kwa Shemeji

Walimwita Bwana Hatua kwa sababu kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alihesabu hatua kutoka mlangoni kwake mpaka ukingo wa mto. Alipojenga nyumba zilikuwa sitini. Siku ya kubadilisha bati zikawa hamsini na mbili. Baada ya hapo mto ukaanza kula kama mgeni asiyeaga: mara kitalu cha mboga, mara uzio, na siku moja, mchana kweupe, choo. Shukuru Mungu hakukuwa na mtu ndani. Wavuvi wa kule chini walikiona kikipita na mlango wake umefungwa vizuri, na mmoja wao, kwa adabu zake, akabisha hodi.

Ajabu ni kwamba choo kilipokwisha kwenda, hatua ziligoma kupungua. Thelathini leo, thelathini kesho.

"Thelathini!" alimtangazia mkewe, aliyekuwa jikoni akipuliza moto.

"Wewe mzee, mbona siku hizi unatembea kama bibi harusi?"

"Goti."

"Goti lipi?"

"Yote mawili."

Mke akarudi kwenye moto wake. Alikwisha kuona nyayo kwenye udongo, zimebanana kisigino kwa kidole.

Sasa, chini ya ukingo ule palikuwa na kilindi, maji meusi yaliyotulia, na juu yake mkuyu ulioteremsha mizizi ndani ya maji kama ndevu. Kambare waliipenda mizizi ile. Bwana Hatua alikuwa akizamisha hapo migono yake minne, ile mitego ya kusuka kwa matete, na asubuhi haikosi kitu. Kila mvuvi alikuwa na pake. Sheria ya chama cha wavuvi ilikuwa moja tu, imeandikwa kwenye daftari na katibu, ambaye kazi yake hasa ni fundi cherehani: *Kila mvuvi ategee penye mti wake.* Hata shemeji yake, kaka wa mke, anayekaa kwenye kona ya chini, alikuwa na mpera wake mmoja, umekonda hata kivuli chake ungedhani cha kuazima.

Na hapa kuna jambo ambalo Bwana Hatua hakuwa akilisema. Nyungunyungu wake wa chambo walikuwa wanene kupita wa watu wote. Wakimuuliza anawachimba wapi, anakohoa. Aliwachimba kwenye shina la mkuyu, chini kabisa ya ukingo, pale udongo ulipo laini. Matete ya migono nayo aliyakata pale pale. Halafu anasimama juu, mikono kiunoni, anautukana mto.

"Mto unakula," mkewe alimwambia siku moja, "na wewe ndiye unayeupakulia."

"Mambo ya uvuvi hayo, mke wangu."

Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya nne, jua limeshatoka, watu wanaanika nguo, ukingo ukaguna. Mkuyu ukaondoka umesimama wima, kama mtu aliyekumbuka ana safari. Udongo ukajaa kwenye kilindi. Mti ukaelea mpaka kwenye kona, ukagonga ukingo wa shemeji, nao ukaporomoka juu ya mtumbwi wake. Hapo mkuyu ukalala ubavu, mizizi juu, matawi majini, ukatulia kabisa.

Wiki nzima migono ya Bwana Hatua ilitoa tope na kandambili moja ya kushoto. Pale palipokuwa kilindi, kuku angevuka bila kulowa tumbo. Na miti mingine yote ya mto, huku na ng'ambo, ina wenyewe. Mvuvi asiye na pake anafutwa kwenye daftari, anabaki kuwasukia wengine migono na kusikiliza hadithi zao. Bwana Hatua hakulala vizuri. Kilichomuuma zaidi, shemeji alianza kupiga mluzi. Mtu ambaye tangu azaliwe hajapiga mluzi! Kambare walikuwa wamehamia kwenye matawi.

Kwenye kikao, barazani kwa fundi, Bwana Hatua akasimama.

"Katibu, tusomee sheria."

Katibu akaweka mkasi chini, akasoma.

"Basi," akasema Bwana Hatua. "Mti wangu uko kwa shemeji. Mimi nimeufuata."

Watu wakaangua kicheko. Shemeji akaruka. "Shemeji, mti ule umekufa!"

"Umekufa? Umelala. Una majani mabichi. Mimi nikilala mchana utanichukulia kitanda?"

Katibu akajikuna kichwa kwa chaki, nywele zikawa nyeupe upande mmoja. "Maneno ni yangu mwenyewe. Sikuandika kwamba mti uwe umesimama. Mkuyu ni wake."

Shemeji akatabasamu, na tabasamu lile Bwana Hatua hakulipenda.

"Sawa kabisa. Mti ni wako. Na aliyeubomoa ukingo wangu nani? Mti wako. Mtumbwi wangu uko chini ya udongo. Njoo na jembe, shemeji, uufuate na huo."

Sasa kicheko kikahamia upande wa pili. Wakashuka wote kwenda kuangalia. Mizizi ilikuwa imeelekea juu, na kwenye udongo uliong'ang'ania shinani kulikuwa na vishimo, safu kwa safu, nadhifu kama matundu ya vifungo. Ndani ya kimoja limekwama kopo la bati lenye mpini wa waya.

Shemeji akalichomoa taratibu, akalifuta tope.

"Shemeji. Hili si lile kopo la chambo uliloniambia mwaka jana nimekuibia?"

Bwana Hatua akaangalia mto. Mto nao haukumsaidia.

"Linafanana," akasema.

Mke wake, aliyewafuata nyuma, alicheka mpaka akakaa chini, na kaka yake akakaa kando yake.

Katibu akaandika hapo hapo, daftari gotini. Bwana Hatua ategee upande wa juu wa mkuyu, shemeji upande wa chini. Bwana Hatua afukue mtumbwi. Apande matete kwenye kingo zote mbili. Chambo achimbe nyuma ya jiko, mkewe akiona.

Mtumbwi ulimchukua siku nne. Shemeji alikaa juu ya ukingo, kivulini, akimwonyesha pa kuchimba na pa kutochimba, kwa mluzi.

Asubuhi ya kwanza ya kutega, Bwana Hatua alitoka na migono yake, akafuata njia ya kwa shemeji akihesabu. "Mia mbili na kumi!" sauti ilisikika mpaka jikoni.

"Na magoti?" mke akauliza.

"Yamepona!"

Akaufunga mkuyu kamba kama mbuzi, ncha ya pili akaizungusha kwenye ule mpera.

"We shemeji! Mvua ikija ukaondoka na mpera wangu?"

"Basi tutahama wote. Nirudishie kopo langu."

"Kopo lipi?" akasema shemeji, na kopo kiunoni.