Mlio Uliovuka Bonde

Mke wangu alikuwa akiisikiliza mashine yetu ya kusaga kutoka jikoni. Ilikuwa ya dizeli, silinda moja, ya kuwashwa kwa hendeli. Ikidunda sawasawa, alijua nasaga mahindi ya watu, akachelewesha ugali. Ikianza kusitasita, pigo moja zito, jingine jepesi, jingine likikosekana kabisa, alijua mahindi yamekwisha, akabandika maji. Majirani wa ng'ambo ya bonde nao walisikiliza hivyo. Kwa kuwa sikuwasha mashine kwa debe moja, walingoja mlio udunde sawasawa ndipo wabebe mahindi yao.

Mungu alipomchukua mke wangu, mwanetu akiwa ameshahamia mjini, nilibaki na mashine. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, na mashine mpya ziliota kando ya barabara ya Makambako. Niliiwasha yangu asubuhi baada ya sala ili watu wajue nipo. Ikasitasita bure kwenye baridi ya Njombe, na waliousikia mlio huo wakajua hakuna kitu, wakaenda barabarani.

Nilidhani inaumwa. Nikamwita fundi kutoka Makambako, mtu wa Tanga, Mwislamu mcheshi. Aliifungua, akaijaribu, akaifunga.

"Nozeli nzima, mzee. Pampu nzima."

"Mbona mapigo hayalingani?"

"Hayajawahi kulingana. Dizeli haiungui vilevile mara mbili, hata kwenye injini mpya. Ikiwa na mzigo silinda inapata joto, tofauti husikii. Ikizunguka bure, na baridi yenu hii! Mimi mwenyewe nimevaa makoti mawili na bado nakosa moto."

"Kwa hiyo haiumwi."

"Haina kazi tu." Akafuta mikono. "Kuna tajiri kule Makambako anataka kuinunua. Nitakuja Jumamosi unipe jibu. Nenda kwa mwanao, mzee. Hapa utakaa na nani?"

Nikamlipa, akaondoka.

Ijumaa nilichukua gunia la mahindi yangu ya chakula, nikalimimina mashineni. Sikuwa namwita mtu. Nilitaka kuusikia mlio kama alivyokuwa akiusikia mke wangu. Mapigo yakasogeleana, yakatulia. Nikakaa kwenye benchi, nikajikuta natazama nyumbani, kwenye paa la jiko lisilotoa moshi, nikamshukuru Mungu kwa miaka aliyotupa.

Nilipogeuka, mama mmoja wa ng'ambo alikuwa amesimama mlangoni, debe kichwani.

"Kamwene, baba," akanisalimu. "Foleni iko wapi?"

"Foleni ni mimi."

"Nimepanda mlima wote huu! Umetudanganya." Akatua debe. "Haya, usizime. Wenzangu wako nyuma."

Jumamosi fundi alinikuta mweupe kwa unga.

"Vipi mzee, jibu?"

"Shika gunia hilo upande wa pili."

Akacheka, akashika.

Jioni mahindi yalikwisha. Mashine ikaanza kusitasita, nikaiacha hivyo kitambo kabla ya kuizima. Kisha nikapanda nyumbani taratibu. Jikoni hapakuwa na aliyejua kwamba narudi. Nikawasha moto mwenyewe, nikabandika maji.