Fisi wa Saa Kumi

Kwaruu. Tawi la miiba likiburutwa juu ya udongo, kisha kimya.

Sauti hiyo Kagure aliisikia akiwa na umri wa miaka minane hivi, amelala kitandani kwa mamake, na hakuuliza ni nini. Asubuhi nyanya yake hakuwepo. Pengo la ua, upande wa porini, lilikuwa limezibwa kwa miiba. Babake, mzee Mathenge, alikuwa ameketi peke yake mbali na nyumba, akimsubiri mganga aje kumtakasa, kwa sababu mikono yake ilikuwa imemshika mtu wa kufa. Ndivyo walivyofanya watu wa zamani hizo. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona alitolewa nje, akawashiwa moto wa kumpasha, na ua ukafungwa nyuma yake. Kuzikwa ardhini kulikuwa kwa wazee wenye mali. Wengine walikuwa wa fisi.

Kagure alikua, akabatizwa, akaolewa na seremala mmoja mpole aliyeitwa Gatimu. Kijijini kwao, kwenye kilima kinachopakana na msitu juu ya Nyeri, watu walimjua kwa jambo moja: kinyaa. Kikombe alikiosha mara mbili kabla ya kunywea na mara mbili baada ya kunywea. Hakula kwa mtu. Kwenye matanga alibeba kibuyu chake cha uji chini ya shuka. Wanawake wa kikundi chao cha kuezekeana mabati walimtania, wakasema Mungu aliwaumba wao kwa udongo, Kagure akamuumba kwa sabuni. Naye alicheka pamoja nao, huku akipangusa kiti kabla ya kukalia.

Kifua kilipoanza kumbana, mwaka wa sabini na tano, daktari alisema apumzike. Mwanawe, naye Mathenge kama babu yake, aliyekuwa mkaguzi wa shule na mwenye gari kuukuu aina ya Pijo, akaona hapo pana nafasi. Angempeleka mamake siku mbili kwenye ile hoteli ya msituni, ambayo zamani Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Mama apumzike, ale vizuri, aangalie wanyama. Halafu asubuhi ya pili, askari wa msitu angekuja kuwachukua, waende kwa baba.

Hilo la pili ndilo lililomnyima Kagure usingizi wiki nzima.

Gatimu aliingia msituni mwaka wa hamsini na nne, wakati wa vita vya kupigania uhuru, hakurudi. Mathenge alikuwa mtoto wa miaka kumi. Alipouliza, mamake alimwambia kwamba baba aliuawa, na wenzake wakamzika chini ya mti wa muiri, karibu na kijito, wakaweka jiwe. Alisema hivyo mara moja tu, ili mtoto alale. Mtoto akalala, uongo ukaota mizizi. Hakukuwa na jiwe. Hakukuwa na kaburi. Na sasa kwenye buti la Pijo, chini ya blanketi, kulikuwa na msalaba wa saruji uliochorwa jina GATIMU, ambao fundi wa mjini alikuwa ameutengeneza kwa wiki mbili.

"Muiri tutauona tu," Mathenge alisema wakipanda kilima, ukungu ukiwajia kiooni. "Askari anasema karibu na kijito iko mitatu. Wewe utatuonyesha upi."

"Miti hukatwa," Kagure alisema.

"Jiwe halikatwi, Mama."

Mkewe Mathenge, Wacera, aliyekuwa ameketi nyuma na mkoba mpya magotini, akasema, "Mwache mama apumue kwanza. Tumemleta kupumzika au kumfanyia mtihani?"

Hoteli ilinuka nta ya sakafu na majivu baridi. Ukutani palikuwa na vichwa vya wanyama, nyati, kulungu, pongo, na Kagure aliona vumbi limelala juu ya macho yao ya kioo, na buibui amejenga ndani ya sikio la nyati. Watu walikuwa wakila chini ya vichwa hivyo. Waliletewa mayai ambayo kiini chake kilitiririka kikielekea nyama kama usaha unaotafuta njia. Waliletewa jibini iliyonuka soksi za mvua. Wacera alikula vyote, akasema vizuri. Kagure alikula mkate, upande wa ndani tu, ambao mkono wa mtu haukugusa.

Bafuni alikuta unywele mmoja wa manjano umejiviringa kwenye beseni jeupe. Hakuoga. Alisimama akautazama unywele ule, akafikiri kwamba mwenye nywele zile alikuwa amekaa humu uchi, ndani ya maji ya uchafu wake mwenyewe, akaita huko kuoga.

Saa kumi wakaitwa chai. Ukumbi wa nje uliangalia uwanda mdogo wenye dimbwi na chumvi ya wanyama, na kwenye mti mmoja uliokufa, hatua thelathini hivi, paja la mbuzi lilikuwa limefungwa kwa waya. Nyama ilikuwa imeshageuka rangi. Inzi waliizunguka.

"Ile ni ya nini?" Kagure alimuuliza mhudumu.

Mhudumu, mtu mzima mwenye kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, aliitwa Kihara, na alikuwa mtu wa kwao kabisa. Lakini mbele ya wageni aliamriwa Kiswahili au Kizungu. "Ile ni ya usiku, Cucu," akasema, akimpa heshima ya nyanya yake mwenyewe. "Tunafungia chui. Chui hakuji siku hizi, iko na maringo. Anakuja fisi."

"Mnalisha fisi?"

"Si mimi, Cucu. Mimi nafunga waya tu."

"Na mikono hiyo ndiyo imenimiminia chai?"

Kihara aliitazama mikono yake kama mtu aliyeonyeshwa doa la shati. Wacera aliangua kicheko akakizuia kwa kitambaa. Kagure aliisukuma sahani ya kikombe hadi katikati ya meza, polepole, kwa kidole kimoja.

Hapo ukungu ulishuka. Ulishuka wote kwa pamoja, kama shuka linaloangushwa kutoka kwenye kamba, na mti wa nyama ukafifia, na uwanda ukawa giza la mchana. Wageni walilalamika. Kisha mmoja akanyamaza, na meza ya pili ikanyamaza, na mtu akanong'ona. Kitu kilikuwa kinatembea humo.

Alitoka kwenye ukungu bila haraka. Mabega juu, makalio chini, kama mtu anayebeba mzigo usioonekana. Manyoya yalikuwa yamelowa, yameshikana kwa matope, na chini ya tumbo matiti yalining'inia meusi. Harufu ilifika kabla yake. Kagure aliijua harufu ile. Miaka ishirini na mmoja alikuwa ameiosha kwa sabuni, kikombe kwa kikombe, na hii hapa ilikuwa imepanda ngazi za hoteli.

"Hakuji mapema hivi," Kihara alisema kwa sauti ya chini. "Ni ukungu imemdanganya. Lakini hana maneno, Cucu, usiogope. Huyu ni Monicah."

"Nani?"

"Ati wageni ndio walimbatiza. Mzungu mmoja alisema anafanana na shangazi yake."

"Mmempa fisi jina la ubatizo," Kagure alisema.

Fisi aliruka, akalishika paja la mbuzi, akaning'inia nalo hadi waya ukakatika. Mfupa ulivunjika kwa mlio wa kijiti kikavu. Wageni walipiga makofi. Mwanamke mmoja mwenye kofia aliweka mkono kifuani kwa furaha, na bwana mmoja wa Nairobi, mwenye tai, akawaambia wanawe watazame vizuri, hawataona hivi tena. Wacera naye alipiga makofi mawili, matatu, kisha akamwona mama mkwe wake, akaacha.

Kagure alikuwa amesimama. Alitembea hadi kwenye reli ya ukumbi kama anayetaka kuona vizuri zaidi, akainama, akatapika. Mkate, na chai kidogo, na maji machungu. Nyuma yake kiti kiliburutwa. Mwanamke mwenye kofia alikuwa ameondoa kikombe chake upande ule.

Mathenge alimshika mamake mabega. Chini yao, fisi aliinua kichwa. Alinusa. Akaacha mfupa wake, akaja taratibu hadi chini ya reli, karibu kiasi kwamba Kagure aliona kupe masikioni mwake, akayaramba yale matapishi. Aliyaramba yote, kwa makini, kama mtu mwenye adabu anayemaliza chakula alichopewa. Mtu mmoja akacheka. Kamera zikalia. Na alipomaliza, fisi alimtazama Kagure usoni, akingoja zaidi.

"Nitoe hapa," Kagure alisema.

Mathenge alimpeleka uani, mahali pa magari, ambapo hapakuwa na mtu. Ukungu ulitanda juu ya mabati. Kulikuwa na baridi, kwa hiyo mwanawe akafungua buti, akalivuta blanketi amfunike, na msalaba ukabaki wazi, mweupe, jina limetazama juu.

"Hii ni mimi nimekosa," Mathenge alisema. "Sikujua wanafanya michezo ya namna hii. Asubuhi tutaenda kwa baba, halafu nikurudishe nyumbani. Hatutalala hapa siku ya pili."

Kagure aliutazama msalaba. Saruji ilikuwa safi. Fundi alikuwa ameilainisha kwa mkono, hakuna kovu.

"Hakuna muiri," alisema. "Hakuna jiwe."

Mathenge alimgeukia.

"Wakoloni walitupeleka kukata vichaka ukingoni mwa msitu, wanawake wa kijiji chote, na askari nyuma yetu. Nilienda kando kujisaidia. Alikuwa ndani ya mianzi. Risasi ilikuwa imeingia tumboni, siku tatu au nne. Alikuwa hai."

"Mama."

"Nisikilize. Aliniita jina langu. Kidonda kilikuwa kinatembea, kilikuwa na funza. Akaomba maji. Nilikuwa na kibuyu changu, unakijua, kile ambacho sikumpa mtu. Nikakiweka chini, nikakisukuma kwa kijiti hadi kwake. Kwa kijiti. Kesho yake nilirudi, alikuwa amekufa, na fisi alikuwa ameanza upande wa miguu. Panga nilikuwa nalo mkononi. Udongo ulikuwa laini, mvua ilikuwa imenyesha. Nikavuta tawi la miiba, nikaziba pale nilipopita, nikarudi kazini."

Sauti ile ilipita kati yao, ingawa hapakuwa na tawi wala miiba.

Mathenge aliegemea gari. Kisha akasema, kama mtu anayetafuta mahali pa kumkalisha mgeni, "Ilikuwa desturi. Ulilelewa hivyo. Maiti haikuguswa. Babu mwenyewe alimtoa mamake nje. Hukuwa na kosa, Mama, ilikuwa desturi."

Mwana huyu alikuwa amepewa jina la babake Kagure, na kwa mila yao Kagure angeweza kumwita Baba. Alimwita hivyo mara chache, alipokuwa mgonjwa utotoni, na siku alipofaulu mtihani.

Ndani, wageni walikuwa wamerudia chai. Vijiko viligonga vikombe. Kagure aliunyoosha mkono wake, ule uliokuwa ukiosha kila kitu mara mbili, akaupitisha juu ya herufi za saruji, ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuufuta baadaye.

"Babangu alimshika mamake akambeba," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Mimi mume wangu nilimwonea kinyaa, Baba."