Fundi aliyefuta mvua ya miaka thelathini na moja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Makorora, Tanga. Ernesti Hiza ameinama uani, mikono magotini, akiichungulia kwa juu chupa ya plastiki aliyoikata shingo. Ndani mna mvua ya jana.

"Milimita tisa," anasema, kisha anatuma ujumbe wa simu kwa mzee mmoja huko Amani. Hajibiwi. Leo ni siku ya sitini na moja hajibiwi.

Jirani yake Sabiha, anayekaanga maandazi hatua chache kutoka hapo, ameshazoea. "Anaiinamia hiyo chupa kama anaitolea posa," anasema. "Na yenyewe haijasema ndiyo."

Ernesti, mwenye miaka 29, mtoto wa mkata mkonge, ni fundi wa mifumo ya kompyuta. Anahudumia vikundi vitatu vya wakulima kwa shilingi laki nne na nusu kwa mwezi. Kazi yake ni kulea kontena, ila si zile za bandarini. Hizi ni makasha yasiyoonekana, ndani ya kompyuta. Kila programu hufungiwa kwenye kasha lake pamoja na mahitaji yake yote, isigombane na wenzake.

Hayashughulikii moja moja. Ameandika programu ndogo kwa kutumia maktaba ya lugha ya Python, yaani mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Kwa mistari michache anayaorodhesha makasha, anayawasha, anayazima na kuyafuta.

"Ilikuwa kama kiranja wa bweni," anasema. "Kila alfajiri inaita majina. Asiyeitikia anatolewa nje, nafasi ipatikane."

Katika moja ya makasha hayo ilikaa mvua ya Mzee Mathew Singano.

Mzee huyo, mkulima wa iliki huko Amani, alipima mvua shambani kwake kila asubuhi kwa miaka 31 na kuiandika katika madaftari 31. Wenzake hawakupanda kitu bila kumuuliza. Mwaka jana kikundi chao kikampa Ernesti kazi ya kuziingiza takwimu hizo kwenye kompyuta. Ikamchukua miezi minne. Alipomaliza alitamka maneno ambayo leo angetoa mshahara wa mwaka mzima kuyarudisha mdomoni.

"Nilimwambia, 'Mzee, madaftari ya nini tena? Mvua yako iko salama.'"

Mzee akaamini. Madaftari akampa mkwewe Jenifa, muuza karanga, naye akayachana kufungia karanga.

Novemba umeme ukakatika usiku. Uliporudi, kompyuta iliamka lakini makasha hayakuamka, maana Ernesti hakuwa ameyaagiza yajiwashe. Saa kumi na moja alfajiri kiranja akaita majina. Hakuna aliyeitikia. Akayafuta yote.

Takwimu za mvua zilikuwa humo humo ndani ya kasha, si nje yake kwenye diski, ambako hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huambiwa aziweke. Nakala ya akiba ilikuwa itolewe Ijumaa. Ilikuwa imepangiwa Ijumaa nne mfululizo.

"Sekunde mbili tu," anasema Ernesti. "Ikaniandikia na ujumbe: usafi umekamilika. Ujumbe huo niliutunga mwenyewe."

Ikaundwa tume ya uchunguzi. Mwenyekiti Ernesti, shahidi Ernesti, mshitakiwa Ernesti. Kwa siku tisa waliichokonoa diski, haikutema kitu. Siku ya kumi akapanda Amani kukiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mvua yangu haijambo?"

Akamweleza yote. "Miaka thelathini na moja sikuumwa asubuhi hata moja, fundi," mzee akasema. "Malaria nilikuwa naiumwa mchana."

Kesho yake alikishusha kipimo chake cha bati, akakifanya cha kunyweshea kuku. Hajapima tena.

Jenifa hamlaumu mtu, wala hajilaumu. "Mzee mwenyewe ndiye alisema ni karatasi tu. Daftari la mwaka tisini na nane liliisha siku moja, kulikuwa na gulio."

Ernesti ameokoa madaftari manne na kurasa 57, nyingine kwa kununua karanga. "Karanga sasa hata harufu yake siitaki," anasema. Siku hizi takwimu zote hukaa nje ya makasha, nakala zake ziko sehemu mbili, na kiranja hafuti kitu bila ruhusa yake. Yote hayo yangemchukua nusu saa Oktoba.

"Takwimu naweza kuzililia zikaisha," anasema. "Lakini mzee nilimzoea kama mtu anayepima mvua. Nataka apime tena."

Simu yake inalia mlio mfupi. Ni ujumbe wa mzee. Anausoma, anakaa chini palepale uani penye tope, kisha anausoma kwa sauti.

"Kila siku tisa, tano, tisa. Unachungulia kwa juu wewe. Jicho liwe sawa na maji. Piga magoti."

Kabla hajamaliza, unaingia wa pili: "Jumamosi niletee daftari, la mistari mipana. Kompyuta iache huko huko."

Sabiha anauliza kama chupa imekubali posa. Ernesti ameomba kalamu, na anaunakili ujumbe huo kwenye karatasi.