Sakafu ya Mama Mkubwa

Mama yangu mkubwa ni mfupi, na mwenyewe husema Mungu alimpunguzia kitambaa ili asipate shida ya kuinamia cherehani. Ni fundi wa nguo, wa sare za shule hasa. Mtaa mzima wa bondeni ameupima mabega na viuno. Ukinenepa hata kidogo atajua kabla hujavua koti, na atasema mbele za watu. Siku ya harusi yangu aliniambia nivute tumbo ndani. Nilinuna, lakini nilivuta.

Mume wake, baba mkubwa, ndiye aliyepewa kitambaa chote kilichobaki. Alikuwa mlinzi wa geti la shule mpaka alipostaafu, na wanafunzi walimwita Mnara. Maneno yake ni ya kuhesabu. Ukiwauliza wote wawili swali, utajibiwa na mama mkubwa, tena kwa urefu.

Nyumba yao iko mtaa wa pili kutoka mtoni. Mwaka wa mafuriko mto ulipanda alfajiri, watu bado wako kitandani. Baba mkubwa alishuka akakanyaga maji, akateleza, nyonga ikavunjika. Majirani walimkuta sakafuni ameng'ang'ania mguu wa kitanda, maji yakimfika kidevuni, na mama mkubwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili. Akalazwa hospitali, na kulazwa kwenyewe kukawa kwa muda mrefu.

Maji yalipokauka, halmashauri iliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Mkaguzi wa majengo, mtu mpole aliyevaa buti za mpira zenye tope kama letu, akatueleza sheria mpya za bondeni. Kwenye nguzo za umeme wamepaka mstari wa bluu kuonyesha maji yalipofika. Sakafu ya kila nyumba lazima iwe juu ya mstari huo. Kifusi kijazwe ndani ya kuta zako tu, kwa sababu ukijaza uani unamsukumia jirani maji. Na kuta zibaki zilivyo, hakuna kujenga mpya wala kuongeza hata tofali moja juu. Atakayekutwa chini ya mstari siku ya ukaguzi, atahamishwa.

Watu walipiga kelele. Mimi nilipiga kuliko wote, ingawa naishi mlimani na sheria yenyewe hainihusu. Mama mkubwa alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta kifusi.

Nilimfuata. "Hamia kwangu, mama mkubwa. Chumba kipo."

"Chumba kipo, wateja je? Nani atapanda mlima kwa ajili ya kaptura iliyotatuka?" Hakupunguza hata mwendo. "Halafu baba yako mkubwa akitoka hospitali atarudi nyumbani kwake. Hatarudi kwenye chumba cha kupewa, hata kama aliyempa ni wewe."

Kifusi kikaja, na fundi mwashi naye akaja, mtu mfupi vilevile. Walipokuwa wakibishana katikati ya sebule ungedhani watoto wanacheza mchezo wa baba na mama. Sakafu ikapanda juu ya goti. Mlango ukakatwa kwa chini ili ufunguke. Mama mkubwa alitoka na kuingia, akatoka tena na kuingia, utepe wake wa kupimia shingoni, na hakuna kilichomgusa kichwa. Alikuwa na furaha kama bibi harusi. Mimi nikaona madirisha yameshuka mpaka magotini, nikacheka.

"Sasa wapita njia watatuona miguu tu."

"Basi ipake mafuta," akanijibu.

Siku ya ukaguzi alipita bila tatizo. Mkaguzi alimshika mkono, akamwambia ni wa kwanza mtaani. Wiki hiyohiyo tukamrudisha baba mkubwa, anatembelea magongo.

Alifika mlangoni akasimama. Fremu ya juu ilimjia kidevuni. Aliinama kwa taabu, jasho likimtoka, mimi nimemshika huku na mama mkubwa kule, tukaingia. Ndani alijaribu kunyooka, boriti ya paa ikampiga kwenye paji la uso. Akabaki ameinama vivyo hivyo, anaangalia sakafu. Kisha akajivuta mpaka kitandani akakaa.

Nilimtazama mama mkubwa, nikatamani nisingemtazama. Uso ulimshuka wote. Huyu mwanamke anajua kimo cha kila mtoto wa bondeni na mwaka aliorefuka, na nyumba ameipima kwa kimo chake mwenyewe.

"Sikumpima," alisema. "Nimempima kila mtu, yeye sikumpima." Akatoka nje, akaenda kulia nyuma ya nyumba ambako alidhani hatumsikii.

Baba mkubwa akawa bubu kabisa. Alikula akalala, akaamka akala tena akalala. Kuinama kulimuumiza nyonga, kila mtu aliona. Shati alikwenda kulivalia barazani, na wapita njia wakamwamkia mikono yake ikiwa bado imekwama hewani. Mama mkubwa alizungumza kwa wawili, na alipochoka kuzungumza akavaa viatu vyake vya kanisani, tukaenda ofisini kwa mkaguzi.

"Nipe ruhusa ya kupandisha ukuta," alimwambia. "Tofali tatu tu kwenda juu. Mume wangu hawezi kusimama ndani ya nyumba yake."

Nilikuja nimejiandaa kugombana. Lakini yule mkaguzi alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza.

"Mama, huo msingi wako umeloa mara ngapi? Ukiongezea ukuta uzito, utawaangukia mmelala. Sikatai kwa sababu ya karatasi. Nakataa kwa sababu mimi ndiye niliyetoa watu chini ya kuta mwaka ule."

Tulipofika nyumbani, mama mkubwa aliingia moja kwa moja, akaichukua nyundo kubwa aliyoiacha fundi, akaipiga sakafu kando ya kitanda cha mumewe. Saruji ikaruka.

"Mama mkubwa! Watawahamisha!"

"Watuhamishe! Namchimbia mume wangu pa kusimama!" Akapiga tena.

"Iweke chini hiyo," alisema baba mkubwa.

Mama mkubwa aliishikilia. "Wewe umeninunia tangu ulipoingia humu. Leo unataka kusema nini?"

"Sijanuna." Baba mkubwa alikaa kitako kitandani. "Kule hospitali mvua ikinyesha nilikuwa nakaa macho mpaka ikatike. Wauguzi walidhani ni nyonga. Nilikuwa naogopa kurudi humu, mke wangu. Naogopa kama mtoto mdogo. Ningekuambiaje?"

Mama mkubwa akamsogelea, nyundo bado mkononi.

"Siku ile nimeingia, nikaiangalia sakafu. Nikachungulia dirishani, nikaona ule mstari wa bluu mliokuwa mkinisimulia uko chini yangu." Akaonyesha nje kwa gongo. "Maneno yakagoma kutoka. Mimi hii boriti nitaizoea. Sakafu usiiguse."

Nyundo ilimtoka mkononi. Nikaona nimezidi humo ndani, nikatoka zangu.

Mvua kubwa ya kwanza ilianza siku ya soko, mchana. Niliteremka bondeni na mwavuli uliogeuka nje ndani, nikilaani halmashauri, mto na ukaidi wa wazee, nimeapa kuwabeba wote wawili hata kwa nguvu. Maji yalikuwa yameshafika barabarani, yamenifika juu ya vifundo vya miguu na bado yanapanda. Niligonga, sikusubiri kuitikiwa, nikasukuma mlango.

Ndani kulikuwa kukavu. Mama mkubwa alikuwa kwenye cherehani, anazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, lisitoe sauti. Baba mkubwa alikuwa chali kitandani, nyayo zimepita mwisho wa godoro, mdomo wazi, anakoroma kuishinda mvua ile juu ya bati.

Nilifungua mdomo kuanza. Mama mkubwa akaweka kidole kwenye midomo yake, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Usimwamshe," akaninong'oneza. "Mvua inanyesha, na amelala."